Mbio za Nyika Hazikuwahi Kuwa Mgeni Olimpiki

Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifungwa Februari 22, 2026 mjini Verona, Italia, baada ya siku 17 za mashindano yaliyotapakaa kati ya Milano, Cortina d'Ampezzo na miji mingine ya milimani. Hapa Dar es Salaam zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani, joto la kaskazi bado limeshika, na kwenye kijiwe cha kahawa ninachokaa baada ya tarawehe pale Magomeni habari hiyo ilipewa dakika tano kabla ya watu kurudi kwa Simba na Yanga. Katika dakika hizo zilisemwa kauli mbili ambazo tangu hapo nimezisikia tena na tena. Mzee mmoja alisema mambo ya theluji hayatuhusu, Mungu ametugawia jua. Kijana aliyekuwa na simu mkononi akamjibu, "Safari ijayo yatatuhusu, mzee wangu, maana wanataka kuingiza mbio za nyika, na Afrika itapata medali. Wametuonea huruma." Naona wote wawili wamekosea, na wamekosea mahali pamoja. Kila mmoja ameamini kwamba mpaka wa michezo ya baridi ulichorwa na hali ya hewa. Mpaka huo ulichorwa na watu waliokaa mezani, ukasogezwa na watu hao hao kila walipotaka, na mbio za nyika zilikuwa ndani ya Olimpiki kabla hazijatolewa nje. Kuzirudisha kutakuwa kusahihisha kosa la zaidi ya miaka 100. Huruma haimo katika hesabu hii.

Kwanza tujue kinachozungumzwa. Sebastian Coe, rais wa Shirikisho la Riadha Duniani, kwa muda sasa amekuwa akitaka mbio za nyika ziwekwe kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, na David Lappartient wa shirikisho la baiskeli anataka vivyo hivyo kwa mbio za baiskeli za matopeni. Lengo lao ni michezo ya 2030 itakayofanyika kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa. Wote wawili waligombea urais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, Machi 2025, na wote wakashindwa na Kirsty Coventry wa Zimbabwe, aliyepata kura 49 kati ya 97 katika duru ya kwanza na kuwa Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Michezo ya Milano na Cortina ndiyo ya kwanza kufanyika chini yake. Kizuizi kikubwa ni sentensi moja katika Katiba ya Olimpiki, inayosema michezo ya majira ya baridi ni ile inayochezwa juu ya theluji au barafu. Mwishoni mwa mwaka 2025 vyama vya kimataifa vya michezo hiyo vilitoa tamko la pamoja kutaka sentensi hiyo isiguswe kwa ajili ya wakimbiaji na waendesha baiskeli.

Sentensi hiyo inasomwa kana kwamba iliteremshwa pamoja na theluji yenyewe. Historia inasema vingine. Kuteleza kwa madoido juu ya barafu kulianza Olimpiki mwaka 1908 mjini London, katika michezo ile ile ya riadha na kuogelea, ndani ya ukumbi wenye barafu ya kutengenezwa. Hoki ya barafuni iliingia mwaka 1920 mjini Antwerp, nayo ikiwa sehemu ya michezo ya kiangazi. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba mchezo wa barafu hauwezi kukaa meza moja na kurusha mkuki. Baadaye tu, baada ya kufanyika wiki ya michezo ya baridi mjini Chamonix, Ufaransa, kati ya Januari 25 na Februari 5, 1924, wiki hiyo ikaja kutambuliwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi, na michezo ya barafu ikahamia huko moja kwa moja. Yaani mchezo uliwahi kutolewa kapu moja ukatiwa kapu jingine, na dunia ikaendelea.

Sasa tazama kilichotokea miezi michache baadaye, mwaka huo huo, nchi hiyo hiyo. Mbio za nyika zilikuwa mchezo wa Olimpiki tangu Stockholm 1912, zikawepo Antwerp 1920, zikafika Paris Julai 1924. Siku ya mbio joto lilikuwa kali kupita kiasi. Walianza wakimbiaji 38 na waliofika mwisho ni 15 tu. Wengine walianguka njiani, wakabebwa. Paavo Nurmi wa Finland alishinda, lakini picha iliyobaki vichwani mwa waandaaji ni ya watu waliokuwa wakiyumba kama walevi chini ya jua, na mbio za nyika hazijaonekana tena Olimpiki mpaka leo. Hebu tafakari hilo kidogo. Mchezo ambao Ulaya nzima hukimbiwa kati ya Novemba na Machi, kwenye matope na baridi, ulifukuzwa kwa sababu uliwekwa Julai. Ungekuwa Chamonix miezi sita kabla ya pale, pengine usingetoka kamwe, na bara letu lisingekuwa linaitazama michezo ya baridi kama sherehe ya nyumba ya jirani.

Hapa ndipo kauli ya mzee wa kijiweni inapopata nguvu yake, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 60 sasa kila Mwafrika aliyekwenda huko amerudi na hadithi, si medali. Hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kupata medali katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka ukanda wa Eldoret, Kenya, aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kufundishwa skii katika mradi uliofadhiliwa na Nike. Miaka miwili baadaye, Nagano 1998, aliingia mbio za skii za kilomita 10. Mvua ilikuwa imeloanisha theluji, akaanguka mara kwa mara, akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, aliahirisha kupanda jukwaa la medali ili amsubiri pale mwisho, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sisi Watanzania tunaijua hadithi ya namna hiyo kwa ndani, maana tuna John Stephen Akhwari wa Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, akiingia uwanjani gizani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuvuka utepe. Namheshimu Akhwari kwa moyo wangu wote, na Boit vilevile. Lakini kuna tofauti ambayo hadithi hizi mbili, zikisimuliwa pamoja, zinaificha. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa kweli wa marathoni aliyepatwa na ajali siku hiyo. Boit aliwekwa kwenye mchezo ambao hakuwa na namna ya kushindania, na kilichobaki kwake kilikuwa kumaliza kwa heshima. Dunia imezoea kumpigia makofi Mwafrika wa aina ya pili, na makofi hayo yamechelewesha swali la kwa nini hakupewa mbio anazozijua.

Anayesema hata kwenye theluji tunaweza tukijitahidi, namwomba aangalie ni nani hasa wamefika huko. PyeongChang 2018 ilikuwa kilele: nchi nane za Afrika. Nigeria ilipeleka timu ya kwanza ya Kiafrika ya bobsledi, sledi ya timu inayoteremshwa kwenye njia ya barafu: Seun Adigun, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, wanawake watatu waliokuwa wakiishi Marekani, walioanza mazoezi kwa sledi ya mbao waliyoiunda Houston na kuchangisha fedha kwa umma mtandaoni. Kenya ilimpeleka Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria tangu utotoni. Hawa ni watu hodari, na kazi waliyoifanya haidharauliki. Ila njia waliyopita inampasa mtu awe anaishi Ulaya au Amerika, au awe na mfadhili. Binti wa Mbulu haoni mlango hapo. Beijing 2022 idadi ilishuka hadi nchi tano, bila Kenya, bila Afrika Kusini. Bara lenye nchi 54 linategemea wana na mabinti zake walioko ughaibuni, na wakichoka au wakikosa fedha, bendera zinashuka.

Tena tuache kudhani kwamba wenzetu wanapewa theluji bure na mbingu. Beijing karibu theluji yote ilitengenezwa kwa mashine. Milano haikuwa na mchezo wa theluji hata mmoja. Ilikuwa na hoki na kuteleza, yote ndani ya kumbi, juu ya barafu inayogandishwa kwa kanuni ile ile ya jokofu la mama anayeuza barafu za vifuko mtaani kwetu, kwa umeme na fedha nyingi zaidi. Ukifikiri vizuri, barafu ya Olimpiki ni suala la bajeti kabla ya kuwa suala la majira. Na majira yenyewe yanabadilika. Utafiti wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2022 ulionesha kwamba kama dunia itaendelea kuchafua anga kwa kasi kubwa, kati ya miji 21 iliyokwishaandaa michezo hii ni mmoja tu, Sapporo wa Japani, utakaoweza kuiandaa tena kwa uhakika ifikapo mwisho wa karne. Sisi hatuhitaji kuambiwa jambo hilo na mtafiti. Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007. Mlima wetu na milima yao inayeyuka pamoja. Kwa hiyo michezo ya baridi itahitaji, mapema kuliko viongozi wake wanavyotaka kukiri, mashindano yanayoweza kufanyika hata theluji isipoanguka. Mbio kwenye matope ya Februari ni mashindano ya aina hiyo. Huyu kijana wa kijiweni anayeona tunahurumiwa ameigeuza hesabu juu chini. Wenye shida hapa ni wengi, na wenye michezo ya baridi wamo.

Nirudi kwa wapinzani, maana wana hoja na hazilingani uzito. Iliyo nzito kwangu ni hii: kuna wanamichezo wa theluji ambao bado wanasubiri mlangoni. Mchezo unaounganisha kuruka kwa skii na mbio za skii ulikuwa ndio pekee Milano na Cortina usio na wanawake. Wapo, wanashindana duniani, na wameambiwa wasubiri. Mtu akiwaambia kwamba wakimbiaji wanaingizwa kabla yao, hasira yao ni halali, na mimi ningekuwa baba wa mmoja wao ningepiga kelele vilevile. Jibu langu ni kwamba haki yao haipaswi kulipwa kwa nafasi ya mwingine, na IOC ina uwezo wa kufanya yote mawili. Hoja ya pili haisemwi kwa sauti lakini nadhani ndiyo inayoendesha tamko lile: mapato ya Olimpiki ya baridi hugawanywa kati ya vyama vichache vya michezo ya baridi, na riadha ikikaa kwenye sinia hilo, tonge la kila mmoja litapungua. Hofu hiyo naielewa. Lakini ni hofu ya mgawanyo, basi ijadiliwe kama mgawanyo, isivikwe kanzu ya utamaduni.

Dhaifu kuliko zote ni ile inayosema mbio za nyika zitakuwa za nchi mbili tatu tu, Kenya, Ethiopia na Uganda, hivyo hazitakuwa na ladha. Ni kweli kwamba eneo letu limeutawala mchezo huu. Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. John Ngugi alichukua taji mara tano, Paul Tergat mara tano kwa mpigo, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia akaweka rekodi ya mataji 11 ya binafsi kwa mbio ndefu na fupi. Lakini Sochi 2014 Uholanzi ilichukua medali 23 kati ya 36 za mbio za kuteleza kwenye barafu, na Ujerumani ikabeba dhahabu zote nne za luji, sledi ndogo ya kuteremka mtu akiwa amelala chali. Norway, iliyojikusanyia medali nyingi kuliko nchi yoyote katika historia ya michezo hii, ina watu takriban milioni tano na nusu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Nchi yenye watu kama wa mkoa wetu inatawala michezo ya dunia kwa miongo, na hilo huitwa utamaduni wa taifa linalopenda mchezo wake. Eldoret na Bekoji ya Ethiopia wakifanya hivyo hivyo liitwe upungufu? Kipimo kinachobadilika kulingana na rangi ya jezi hakiwezi kuwa kipimo.

Kuna Waafrika nao wanaopinga, na wao nawasikiliza kwa makini zaidi. Wanasema tukikubali mbio za nyika tumekubali kufungiwa kwenye kukimbia milele, kana kwamba Mwafrika amezaliwa na miguu bila mikono ya kuongoza sledi. Wanaona itatumika kuwa kisingizio cha kupunguza hata zile nafasi chache za kina Simader. Hatari hiyo ipo na inapaswa kuwekewa masharti mapema: nafasi za nchi zisizo na theluji kwenye skii na sledi zisiguswe. Zaidi ya hapo sikubaliani nao. Sledi moja ya mashindano hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mbio za nyika zinahitaji shamba lililovunwa, viatu, na mwalimu anayeamka alfajiri. Kumwambia mtoto maskini asubiri sledi ili tusionekane watu wa mbio ni kumtoza yeye gharama ya fahari yetu.

Sasa nifike nyumbani, na hapa ndipo furaha ya kijana wa kijiweni inanitia wasiwasi kuliko kukata tamaa kwa mzee. Amesema "Afrika itapata medali" kama mtu anayesema "nitapata". Uganda inaweza kupata. Kenya itapata. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki tangu tupate uhuru, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Miaka 46 imepita. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitupatia dhahabu ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha kwa kushinda marathoni ya Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, tofauti ambayo jicho haliioni, na nchi nzima ikalala macho kwa furaha. Simbu ni wa Singida, kwenye uwanda ule ule wa juu unaopanda kuelekea Mbulu na Karatu, walikotoka Akhwari na Bayi. Ardhi haijabadilika, wala mapafu ya watu wake.

Kilichobadilika, kwa ninavyoona, ni ngazi. Mkimbiaji wetu kijana anaruka kutoka michezo ya shule hadi barabarani. Mbio za barabarani zina zawadi ya papo hapo, zina fulana na wadhamini, na hapa Dar karibu kila wiki utaona tangazo la kilomita 5, 10 na 21 za kuchangia jambo fulani. Ni jambo jema, nami huenda. Lakini barabara inamtumia kijana kabla hajakomaa. Wakenya walimjenga Tergat kwenye nyika kwanza, vilima na matope vikamfundisha kubadili mwendo na kuvumilia kundi, halafu uwanjani, halafu ndipo akaenda kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni mwaka 2003 mjini Berlin. Sisi ngazi hiyo ya chini tumeiacha iwe shughuli ya mikoa miwili mitatu ya kaskazini, wachache wanaijua na wachache zaidi wanaidhamini. Nchi inajiandaa kupokea AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, fedha zinakwenda kwenye viwanja, na sina ugomvi na hilo. Ila mbio za nyika haziombi kiwanja. Zinaomba kalenda.

Hapo ndipo naona jambo la kufanya, na muda wake ni mfupi. Oktoba 31 Dakar, Senegal, itafungua Michezo ya Olimpiki ya Vijana, tukio la kwanza la Olimpiki kuandaliwa katika ardhi ya Afrika, chini ya rais wa kwanza Mwafrika wa IOC. Kama kuna mahali kamati za Olimpiki za bara hili zitakaa pamoja na kusema kwa kauli moja kuhusu sentensi ile ya theluji na barafu, ni pale. Ningependa ujumbe wa Tanzania uandae karatasi mbili. Ya kwanza iende Dakar na iunge mkono mbio za nyika kwa 2030, au kwa Salt Lake City 2034 ikishindikana, pamoja na sharti la kulinda nafasi za skii nilizozitaja. Ya pili ibaki nyumbani na isambazwe mashuleni kabla ndege haijapaa, kwa sababu mtoto wa miaka 15 leo atakuwa na 19 michezo ya Ufaransa itakapofunguliwa. Iwe na majina ya shule za Mbulu, Babati, Karatu, Singida, Mbeya na Njombe, jumamosi za kila mwezi kuanzia Juni hadi Agosti, umbali wa kila rika, na jina la mwalimu atakayesimama mwisho wa mbio akiwa na saa na daftari.